Karatasi ya mfuko wa saruji

Karatasi nzuri ya kuchorea ninayoijua hapa Dodoma haiuzwi dukani. Inatoka kwenye mfuko wa saruji. Ukiupasua taratibu kwenye mshono, ukaondoa tabaka la juu lenye maandishi na lile la ndani lililogusana na saruji, unabaki na karatasi ya kaki, ngumu, yenye mkwaruzo kidogo unaoshika makaa vizuri. Mtoto anaweza kufuta na kurudia bila kuitoboa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulifanywa mwaka 1973, lakini ni tangu 2016, Serikali ilipoanza kuhama kweli kweli, ndipo mji ulipoacha kupumzika kwa ujenzi. Kila mtaa una msingi unaochimbwa au ukuta unaopanda, na mafundi wakimaliza wanaichoma mifuko au wanaiacha ipeperuke. Mimi naipitia jioni na baiskeli. Vumbi la saruji linachoma macho na ngozi, kwa hiyo kupasua na kukung'uta ni kazi ya watu wazima, tena tukiwa tumefunga vitambaa puani. Mtoto anapewa karatasi iliyokwisha kufutwa.

Naanza na karatasi kwa sababu ndilo swali la kwanza la kila anayetaka kuanzisha darasa la sanaa mtaani kwake: vifaa mnapata wapi? Nitajibu, tena kwa kirefu, maana ni jambo ninalolipenda. Lakini kukaa na watoto wa darasa langu la kuchora la Jumamosi kumenifundisha kwamba vifaa ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu nzito ni mwalimu kuwepo. Awepo siku ile ile, saa ile ile, mahali pale pale, watoto wawe arobaini au wawili.

Kazi inayonilisha ni uandishi wa mabango: saluni, maduka ya dawa, mafundi cherehani, milango ya malori. Nilijifunza kwa fundi mmoja wa Majengo ambaye hakukuruhusu kugusa brashi kabla hujajua kunyoosha mstari kwa jicho. Darasa la Jumamosi lilianzia Chang'ombe, kwenye kiwanja ambacho mwenyewe alikuwa hajakijenga, chini ya mwarobaini. Nilikuwa natandaza mbao zangu pale na watoto wanasimama nyuma yangu kutazama. Siku moja niliwapa vipande vya makaa, na hapo ndipo tulipoanza.

Anayeijua Chang'ombe ya Dodoma anajua nyumba zilivyosogeleana, na vyumba vya kupanga vilivyojaa watu waliokuja kufuata vibarua kutoka Bahi, Chamwino, Mpwapwa na Kongwa. Maisha ya mtoto hapo hayatulii. Mvua ya huku ni msimu mmoja, tangu Desemba mpaka Aprili, na sehemu nyingi haifiki milimita 600 kwa mwaka mzima. Ikianza, wazazi wanaondoka kwenda kulima, wengine mbali hadi Kiteto, na mtoto anachukuliwa katikati ya muhula au anaachiwa bibi. Ikigoma, baba anaondoka kutafuta kibarua Morogoro au Dar es Salaam. Kodi ya chumba ikishindikana, familia inahama na jirani anagundua asubuhi. Wapo watoto wanaogonga kokoto pamoja na mama zao, wapo wanaotembeza karanga, ubuyu na mayai ya kuchemsha stendi. Mpango wa elimu bila ada katika shule za serikali ulianza Januari 2016, na watoto wengi waliokuwa nyumbani wakaingia darasani, jambo kubwa sana kwa mtaa kama wetu. Hata hivyo daftari, sare na sabuni bado vinamsubiri mama, na tumbo nalo.

Mtoto aliyekulia hivyo amezoea kwamba watu na vitu huondoka. Rafiki anahama, kuku wake anauzwa, mwalimu anahamishwa, baba anasema "nakuja" na harudi. Kwa hiyo ukimwambia "tutaonana Jumamosi", hakuamini. Anakupima. Kulikuwa na binti wa darasa la tano aliyekuwa akipita na ndoo kichwani kila Jumamosi tukiwa tumekaa. Hasimami, hasalimii, anatutupia jicho tu na kwenda zake bombani. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Kisha siku moja akatua ndoo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu."

"Wiki ijayo utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Na ile nyingine?"

"Na ile nyingine."

Akajitwika ndoo yake akaenda. Wiki iliyofuata alikuja mikono mitupu, akakaa.

Ndiyo maana hatuahirishi. Kazi ya bango ikija Jumamosi mchana, mteja anasubiri au anakwenda kwa fundi mwingine. Nikiumwa, mmoja wa vijana waliokulia hapo hapo darasani anashika nafasi yangu. Rimu ya gari inagongwa saa tisa alasiri, na akija mtoto mmoja, darasa ni la mtoto huyo mmoja. Mvua ikinyesha tunajibana kwenye baraza ya mama anayepika uji. Mengine yote nitakayoyaeleza yanasimama juu ya hilo.

Uji wenyewe hauna maelezo mengi. Januari na Februari ni miezi migumu huku: akiba ya mwaka uliopita imekwisha na shambani bado ni majani. Mtoto mwenye njaa hawezi kuvuta mstari, mkono unatetemeka na macho yanakwenda kwenye sufuria ya jirani. Akina mama wa kikundi kimoja cha vikoba wanapeana zamu kuleta unga wa uwele na karanga za kusaga. Watoto wanakunywa kwanza, ndipo wanashika makaa. Hakuna hotuba, na hakuna anayepigwa picha na kikombe.

Sasa rangi. Ardhi ya Dodoma ina rangi zake mwenyewe, ni kuinama tu. Kwenye makorongo, mvua inapokata kingo, unakuta udongo mwekundu wa ngeu, wa njano, wa kahawia iliyoiva, na sehemu nyingine mweupe unaokaribia chokaa. Nyeusi tunaipata kwenye makaa na masizi ya sufuria. Watoto wanauponda udongo juu ya jiwe, wanauchekecha kwa kipande cha kitenge kikuukuu, wanauloweka kwenye kopo la maji na kuukoroga, kisha wanauacha mchanga utuame chini kwa dakika chache. Yale maji mazito ya juu yanamiminwa kwenye kopo la pili, yanaachwa mpaka kesho yake, na matope laini yanayobaki ndiyo rangi. Mtoto mdogo anayefanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza huwa haamini kwamba matope yamekuwa laini kiasi kile. Anayasugua kati ya vidole, anawaita wenzake waje washike.

Rangi peke yake haishiki, ikikauka inabanduka kama unga. Kwa hiyo tunatafuta utomvu wa mgunga. Kiangazi, gome likipasuka, utomvu unatoka na kuganda kwa matone ya rangi ya asali, na watoto wanaoishi karibu na pori wanaujua siku nyingi kwa sababu wanautafuna. Tunauloweka usiku kucha, tunauchuja, tunachanganya na udongo ule laini na tone la asali ili rangi isipasuke ikikauka. Zile rangi za maji zinazouzwa kwenye viboksi mjini nazo hushikizwa kwa utomvu wa miti ya jamii hiyo hiyo, na siku niliyowaambia watoto jambo hilo kijana mmoja alikwenda kuuangalia mgunga wa nyuma ya kwao kana kwamba umepandwa jana. Tunatumia pia choya, yaani rozela, na binzari. Zinapendeza siku ya kwanza kisha jua linazipausha, na watoto wamejifunza kutozitumia kwenye kazi wanayotaka idumu. Brashi ni kijiti kilichotafunwa kama mswaki, au nywele za mkia wa mbuzi kutoka machinjioni zilizokazwa kwenye bomba la kalamu iliyokwisha wino.

Kuna watu wema waliowahi kuniuliza kwa nini tunajitesa hivyo wakati rangi za dukani zipo, na wengine wametuletea, tumezipokea kwa shukrani na tumezitumia. Ila zile za dukani zinaisha, na familia ikihama haziwezi kumfuata mtoto. Binti mmoja alichukuliwa na mama yake kwenda Kiteto msimu wa kulima. Aliporudi baada ya mavuno alikuwa na furushi la kitambaa, ndani yake udongo wa rangi ya zambarau iliyofifia ambao sisi hatukuwahi kuuona. Alikuwa ameutafuta huko, ameuponda, ameuchuja, ameukausha, na hakuna mtu aliyemwambia afanye hivyo.

Nije kwenye kufundisha kwenyewe, maana hapo nina msimamo na sitauficha. Wengi wanaamini kwamba mtoto wa mazingira magumu akipewa karatasi na rangi, aachwe tu achore apendavyo, asifiwe, afurahi, basi. Furaha ni haki yake, tena Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unataja katika ibara ya 31 haki ya kucheza, kupumzika na kushiriki katika sanaa. Lakini watoto ninaowafundisha wanaijua kazi. Anayegonga kokoto anajua nyundo iliyopiga vizuri na iliyoteleza. Anayetembeza karanga anajua hesabu kuliko mimi. Ukimwambia kila kitu chake ni kizuri, kufikia Jumamosi ya tatu ameshaacha kukusikiliza. Wanataka kuambiwa kweli, na wanataka kuweza. Kwa hiyo nafundisha mstari, kipimo, mwanga na kivuli, na jinsi herufi zinavyoachiana nafasi. Nikiona punda ana miguu ya meza, namuuliza mwenyewe, "Goti la nyuma la punda linapinda kwenda wapi?" Hajui. "Nenda kaangalie." Punda hawakosekani, wako bombani wamebebeshwa madumu. Anakwenda mbio, anachuchumaa, anarudi na jibu.

Wanapenda sana kunakili tembo na twiga wa Tingatinga wanaowaona kwenye vibao vya kuuzia wageni. Nawaeleza habari za mzee mwenyewe, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru ambaye hakusoma chuo chochote cha sanaa. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za baiskeli, akauza kandokando ya barabara Oysterbay, na alipofariki mwaka 1972 alikuwa amefanya kazi hiyo miaka michache tu. Watoto husikiliza kwa makini ile sehemu ya rangi za baiskeli. Kisha nawaruhusu wanakili, mkono upate mazoezi, na baada ya hapo nawataka wachore wanayemwona: mbuzi wa jirani, mbuyu, mama anayeuza zabibu kwenye beseni, bibi akichambua mlenda.

Yupo kijana aliyekuwa akichora malori tu. Sitaji jina lake wala la mtoto mwingine yeyote, maana maisha yao ni yao. Baba yake alikuwa utingo, akaondoka na lori safari moja na hakurudi, na hakuna habari iliyofika. Kijana alichora malori Jumamosi baada ya Jumamosi. Majirani waliniambia, "Mwalimu, muulize, ana jambo." Sikumuuliza. Nilimwonyesha kwamba gurudumu la mbele ukilitazama ubavuni ni duara, lakini ukilitazama kwa mshazari linabanwa na kuwa yai. Alikwenda kusimama kando ya barabara kuu akahakikisha. Akarudi na idadi ya nati za gurudumu, kumi, akazichora zote. Akajifunza vioo vya pembeni, kamba za turubai, bamba la namba, na tope lililorukia bodi. Malori yake yakawa ya kweli kiasi kwamba madereva wa bodaboda walikuwa wanakuja kuyatazama na kubishana ni toleo gani.

Wakati huo huo alikuja mgeni kutoka shirika moja, amebeba maboksi ya kreyoni na kamera. Aliwataka watoto wachore shida wanazopitia nyumbani. Watoto ni wepesi kumjua mtu anachotaka. Wakachora mtoto analia, baba na chupa, sufuria tupu. Waliokuwa hawana baba mlevi walinakili kwa jirani aliyekaa mkekani. Kijana wa malori alichora lori. Mgeni akainama, akamuuliza kwa upole baba yake yuko wapi kwenye picha ile. Akajibu, "Hayupo. Hili ni lori." Mgeni akahamia kwa mwingine. Alipoondoka aliondoka na zile picha, akiahidi kuzirudisha, na hazikurudi. Swali lenyewe halikuwauma sana watoto. Kilichowauma ni picha kwenda, na waliniulizia picha zao miezi mingi.

Tangu siku hiyo darasa lina masharti ambayo kila mgeni anasomewa kabla hajakaa. Picha ni mali ya aliyeichora, haiondoki bila yeye na mzazi wake kukubali. Na hakuna mtu mzima atakayemwagiza mtoto achore kidonda chake. Mtoto akitaka kuchora yaliyomkuta atachora, na wapo waliofanya hivyo bila kuagizwa. Kijana yule siku moja, bila neno, aliongeza mkono uliotokeza kwenye dirisha la lori, upande wa utingo, vidole vimeshika ukingo wa mlango. Wote tuliuona. Nilimuuliza kitu kimoja tu: jua liko upande gani, na kivuli cha huo mkono kinaangukia wapi? Alifikiri sana. Akakiweka kivuli mlangoni, mahali pake hasa.

Naomba nieleweke hapa. Mimi si daktari wala mshauri, na sitafsiri picha za watoto. Lakini mtoto akisema, kwa mdomo au kwa mkono, kwamba anapigwa au anaguswa vibaya, sanaa inasubiri. Kila mtu mzima anayesaidia darasani anajua namba 116 ya kuwasaidia watoto, anamjua afisa ustawi wa jamii, na anajua lilipo dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Imenibidi kwenda, na nitakwenda tena. Mtu anayetaka kufungua darasa kama hili na hayuko tayari kwa safari hiyo, ajifunze kwanza.

Kuna kitu kingine kilichozaa matunda kuliko nilivyotarajia, nacho ni jalada. Nyumba ya chumba kimoja haina mahali pa kuweka picha. Picha inaishia kuwashia moto, au kufungia karanga, na simlaumu mama yeyote kwa hilo. Kwa hiyo kila mtoto ana jalada lake la boksi, na majalada yote yanakaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli. Akihama, jalada linabaki. Akirudi baada ya mwaka, analikuta. Akilifungua anaona mstari wake wa zamani na wa sasa, anaona kwa macho yake kwamba mkono wake umekua, na hakuna sifa yangu inayoweza kumpa kitu hicho. Wengine wanakuja kulitazama tu, wanalifunga, wanaendelea na mchezo.

Darasa halikubaki la kuchora peke yake. Mzee mmoja wa mtaani, mzaliwa wa Bahi, alianza kuja na zeze lake akikaa pembeni. Watoto walikuwa wanajua muziki wa simu tu. Leo wapo wanaojua kuchagua kibuyu kilichokauka sawasawa, kukiwamba ngozi ya mbuzi, na kupiga misumari bapa iwe ndimi za marimba. Yule mzee aliwafundisha kutoboa tundu dogo kwenye marimba na kulibandika utando wa buibui ili sauti ivume, na msako wa utando huo ulisafisha pembe zote za nyumba za majirani. Anawasimulia habari za Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huu huu ambaye Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam kwa ajili ya muziki wake, akafundisha Bagamoyo na kupiga zeze na marimba nchi nyingi mpaka alipofariki mwaka 2003. Mabinti nao waliwaomba akina mama wawafundishe ngoma ya muheme, ambayo kwa Wagogo ni wanawake wanaoipiga. Tunasikia kelele nyingi siku hizi, na majirani wamevumilia.

Kwa mabinti tulilazimika kupanga mambo kwa namna yao. Asubuhi ni maji, kuni na kufua, ndiyo sababu tunaanza saa tisa. Wengi wana wadogo zao mgongoni, na ukisema wachanga hawaruhusiwi umewafukuza dada zao. Kuna mkeka wa wachanga, na bibi mmoja anaukalia.

Safari ya Kolo, kijiji cha Kondoa chenye michoro ya kale ya miambani, tuliichangia kwa muda mrefu. Lami ya kwenda Kondoa imerahisisha mambo, na watoto wengi walikuwa hawajawahi kutoka mjini kuelekea upande huo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kuna mapango zaidi ya 150 kwenye milima ile inayotazama nyika ya Wamasai, na baadhi bado wenyeji wanakwenda kufanyia matambiko, kuombea mvua na wagonjwa. Niliwaambia hayo njiani, na hawakunisikiliza, walikuwa wanaimba.

Kule juu walinyamaza. Michoro ya kale zaidi ni ya rangi nyekundu: watu warefu wembamba, vichwa vyao kama vimevaa nywele nyingi, twiga, na wale swala wakubwa waitwao pofu. Mingine ni myeupe, ya watu waliokuja baadaye. Kiongozi wetu alieleza kwamba ile nyekundu ni mawe ya ngeu yaliyosagwa. Nilikuwa nimesimama nyuma na nikaona vichwa vinageukiana. Yule binti wa furushi la Kiteto aliuliza waliishikiza na nini. Kiongozi akasema wataalamu wanadhani ni mafuta ya wanyama au vitu vya namna hiyo. Binti akasema, "Basi ndiyo maana haijabanduka. Sisi yetu mvua ingeitoa." Walibishana pale pale kuhusu mafuta na utomvu, kama mafundi, mbele ya ukuta uliochorwa maelfu ya miaka iliyopita. Mwingine aliuliza nani aliwalipa. Mwingine akataka kujua kama wachoraji wale walikuwa wanahamahama. Kiongozi akamjibu kwamba ndiyo, walikuwa wawindaji na waokotaji wa matunda na mizizi, hawakukaa mahali pamoja. Kijana wa malori akasema, "Lakini walikuwa wanarudi hapa hapa. Angalia, wamechora juu ya walichochora." Na kweli, ukitazama, picha zimepandiana, mpya juu ya kuukuu.

Tuliporudi walitaka kujaribu mafuta ya mbuzi. Tulijaribu. Yananuka, lakini yanashika.

Wazazi wameniuliza mara nyingi picha itamlisha nini mtoto. Ni swali la haki kutoka kwa mtu ambaye hajui jioni atapika nini, na sijawahi kulijibu kwa kuahidi kwamba watoto watakuwa wachoraji maarufu. Kwenye kikao kimoja baba mmoja, kibarua wa zege, alilijibu kabla yangu. Alisema tangu mwanawe aanze kuja, akishika kitu anakaa nacho mpaka kiishe, hata hesabu za shule. Mama mwingine akasema wake anaosha vikombe bila kuambiwa, kwa sababu amezoea kuosha brashi. Sikuongeza neno.

Mwaka huu mwenye kiwanja amekuja na mchoro wa nyumba yake. Ni haki yake, ametuachia muda mrefu bila kutudai hata shilingi, na siku alipokuja watoto walimpa picha ya mwarobaini. Tulikwenda ofisi ya mtaa, kisha kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani. Amekubali tutumie baraza ya madarasa ya nyuma, kwa masharti: tusiache rangi ukutani, wanafunzi wake nao waruhusiwe, na sanduku likae ofisini kwake. Tulipowaeleza watoto, hawakuuliza kama kuna kivuli au kama uji utakuwepo. Waliuliza kama itabaki Jumamosi, saa tisa. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama nasi, alisema zitakuwepo Jumamosi chache ambazo shule ina shughuli zake na geti litafungwa. Nikasema siku hizo tutakaa nje ya uzio, chini ya mbuyu. Yule aliyekuwa akipita na ndoo akasema upande ule kuna mibuyu miwili, akataka tuonyeshwe ni upi kabla hatujaondoka.